Mtani Haombi Radhi

Mhandisi wa Tabora alijilaza chali mlangoni mwa gereji, ndani ya suti yake nyeusi, akatangaza kwamba hakuna mtu atakayetoka kwenda makaburini mpaka yeye mwenye mali aridhike.

Hii ilikuwa Doonside, asubuhi, na magari ya kwenda kuzika yalikuwa yamekwisha kuwashwa. Ndani ya gereji hiyo, nyumbani kwa marehemu, ndimo tulimokaa matanga tangu dada wa rafiki yangu alipofia hospitalini Campbelltown. Huku magharibi ya Sydney gereji ndiyo ukumbi wetu, ndiyo kanisa letu, na kwa baadhi yetu ndiyo msikiti. Gari hulala nje na mvua yake. Marehemu na kaka yake ni Wakongo wa Maniema, waliofika Australia wakitokea kambi za wakimbizi za Kigoma. Mhandisi na mimi ni Watanzania tuliokuja na vyeti vyetu kwenye mkoba. Sisi sote, pamoja na Wakenya wachache, tulikuwa na chama kimoja cha kuzikana, na siku hiyo chama kilikuwa kinafanya kazi ambayo kiliundiwa.

“Huyu marehemu ni mtumwa wetu,” mhandisi alisema akiwa palepale sakafuni. “Babu yangu alimnunua bibi yake kwa doti moja ya merikani. Tena merikani yenyewe ilikuwa imeliwa na panya, maana bibi naye hakuwa na nguvu. Nani amewaruhusu mumzike bila kuniuliza?”

Kwa Mtanzania hapo hakuna cha kueleza. Mtani akija msibani huja kuvuruga. Hulala njiani, huvaa nguo za marehemu, huiga alivyokuwa akitembea, hudai chake ndipo jeneza lipite. Na tusi kubwa kuliko yote, hilo la “wewe mtumwa wangu”, hulitoa kwa furaha zaidi kwa sababu ni yeye tu duniani aliyeruhusiwa kulitoa. Mwenye msiba hana ruhusa ya kununa. Hucheka huku kamasi zikimtoka, na kicheko hicho ndicho kinachomfikisha kaburini kwa miguu yake mwenyewe. Mhandisi alikulia Tabora, mtaa mmoja na Wamanyema ambao wazee wao walibaki huko tangu enzi za misafara, na alitaniana nao tangu akiwa hana meno ya mbele. Kwa hiyo siku aliposikia kwamba familia hii ni ya Maniema, alijua amepata watani. Hakumuuliza mtu. Utani hauombwi, mtu huzaliwa nao. Ndivyo alivyofundishwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba upande wa pili wa ziwa darasa hilo halikufundishwa.

Watanzania tulicheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimechoka kulia.

Wakongo hawakucheka. Rafiki yangu, ambaye hufanya kazi ghalani na huinua makasha kama mtu anayeinua magazeti, alikwenda akasimama juu ya mhandisi.

“Rudilia,” alisema.

“Nirudie nini, mtumwa wangu? Lete kwanza changu nikupishe njia.”

“Rudilia ile maneno juu ya yaya yangu,” alisema, yaya kwao akiwa ni dada mkubwa.

“Shemeji, ni utani tu,” mtu mmoja alisema nyuma yangu.

“Utani gani? Mimi nilikaa mu kambi kwenu mpaka ndevu ikaota. Kutoka inje, kibali. Kuenda kutafuta kuni, kibali. Polisi yenu hakunitaniaka hata siku moja. Leo tuko Australia, njo mumekumbuka tuko bandugu ya kucheka pamoja?”

Mhandisi alinyanyuka akajipangusa vumbi magotini. Hakuna aliyempa mkono. Mama wa marehemu, ajuza wa miaka themanini na ushee, alikuwa amekwisha kuketi kwenye gari la mbele, na kioo cha gari hilo kilikuwa wazi.

Tulizika. Pale kaburini Wakongo walisimama upande wao na Watanzania upande wetu, na kila upande uliimba wimbo wake, zote mbili kwa Kiswahili.

Siku iliyofuata rafiki yangu alinipigia simu. Madai yake yalikuwa mafupi. Kabla ya kuondoa matanga, mhandisi aje kwa mama, asimame mbele yake, aombe radhi kwa alilolisema. Asipokuja, Wakongo wanatoka chamani. Halafu akaniambia jambo ambalo katika miaka yote ya urafiki wetu hakuwahi kunigusia. Bibi wa mama yake alikuwa mtoto mdogo siku wavamizi walipoingia kijijini kwao. Walimchukua mama yake na dada zake. Yeye walimwacha kwa kuwa alikuwa mdogo mno kubeba mzigo. Alikua peke yake miongoni mwa watu wasio wake, akazaa, akazeeka, na kila mjukuu alikuwa akiulizwa swali moja: je, umewaona? Mama wa rafiki yangu aliulizwa swali hilo utotoni mwake wote.

“Mama hajakula tangu jana,” alisema. “Mwalimu, wewe njo ulisoma hii mambo. Utengeneze.”

Hapa sina budi kutaja usomi wangu, jambo ambalo kwa kawaida hulifanya kabla mtu hajaniuliza. Nilisomea historia, na tasnifu yangu ilihusu jinsi ugomvi juu ya utumwa ulivyoipeleka Amerika kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ilisomwa na watahini wawili, na mmoja wao bado namtilia shaka. Hapa Sydney elimu hiyo imenisaidia kupata kazi ya kuwafundisha wageni namna ya kujieleza kwenye usaili, pamoja na heshima ya kuitwa mwalimu na watu wanaopata mshahara mkubwa kuliko wangu. Basi niliposikia kwamba kuna watu wanaotaka kufarakana kwa sababu ya utumwa, na kwamba wananihitaji mimi, nilijisikia kama daktari wa sumu ya nyoka ambaye hatimaye amepata mtu aliyeumwa.

Nilijua yote yaliyokwenda kombo kule. Nilijua kwamba nchi ile ilizaliwa na jambo moja ambalo waasisi wake waliona ni heri lisitajwe kwa jina, wakaandika katiba nzima wakilizunguka kama watu wanaozunguka shimo gizani. Nilijua jinsi walivyochora mstari kwenye ramani, kusini mwake utumwa, kaskazini mwake hakuna, wakapeana mikono. Kila jimbo jipya la upande huu lilipoingia, lilitafutiwa mwenzake wa upande ule, ili mizani isicheze. Watu walipoanza kupeleka maombi bungeni kwamba utumwa ukomeshwe, bunge lilijiwekea kanuni kwamba maombi ya aina hiyo yasisomwe. Nilijua sheria iliyowalazimisha watu wa kaskazini kusaidia kuwakamata watoro, na kwamba mwamuzi aliyesema “huyu ni mtumwa” alilipwa mara mbili ya yule aliyesema “huyu ni huru”. Nilijua habari za mbunge aliyempiga mwenzake kwa fimbo ndani ya baraza mpaka akazimia, na jinsi watu wa kwao walivyomtumia mpigaji fimbo nyingine mpya, kama zawadi. Kila suluhu ilikuwa ya busara. Kila suluhu iliwafanya wajukuu wa walioiweka wawe na hasira kuliko babu zao.

Nilijua pia kuhusu merikani. Mhandisi alipotaja doti ya merikani alikuwa akitaja kitu cha kweli, kuliko alivyodhani. Pamba ililimwa na watumwa wa kusini mwa Amerika, ikafumwa na viwanda vya kaskazini, vilivyojivunia kutokuwa na watumwa, ikavuka bahari mpaka Unguja, ikabebwa mabegani hadi Tabora, Ujiji na kuvuka ziwa, na huko Maniema ikabadilishwa kwa pembe na kwa watu. Vita vyao vilipoanza, vitambaa vilikuwa adimu kwetu. Mtumwa mmoja alilima shati ambalo mwingine alinunuliwa nalo. Kwa miaka nimekuwa nikiisema sentensi hiyo kwenye karamu, na watu hutikisa kichwa kisha huenda kuongeza wali.

Tuliitisha kikao kwenye ukumbi wa kukodi, karibu na stesheni ya Doonside. Mwenyekiti wetu ni Mkenya wa Penrith, tuliyemchagua kwa sababu hakuwa Mtanzania wala Mkongo. Hiyo ndiyo sifa aliyojinadi nayo. Alifungua kikao kama kawaida yetu, na kama kawaida ya kila kikao katika nchi hii: tunawatambua Wadarug, wenyeji wa asili wa ardhi hii tunayokutania, ambayo walinyang'anywa, na tunatoa heshima zetu kwa wazee wao waliopita na waliopo. Tulisimama. Tulinyamaza kwa unyenyekevu. Kwa mambo waliyofanya babu wa watu wengine kwa babu wa watu wengine, hakuna anayetushinda kwa majuto. Kisha tukaketi, na ikachukua muda wa kumimina chai tu kabla hatujaanza.

“Utani haukasirikiwi,” alisema Mtanzania mmoja wa Pangani, muuguzi, mtu wa swala tano na sauti ya upole. “Anayekasirikia utani amejivua undugu mwenyewe.”

“Undugu ya wapi, papa?” Huyu alikuwa mama mmoja wa Kikongo, jirani wa marehemu. “Sisi ndugu yetu alikufa. Nyinyi mulikuja na soko.”

“Mama, tuwe wakweli. Walionunua watu hawakuwa sisi. Sisi watu wa pwani tulikuwa wapagazi tu.”

“Wapagazi?”

“Wapagazi. Wabeba mizigo.”

“Donc, basi, wakati wa kurudi, mulibeba nini?”

Muuguzi aliangalia kikombe chake.

“Na waliowauza ni machifu wenu wenyewe,” mwingine akadakia kutoka nyuma. “Hilo hamlisemi!”

“Wasee, wasee,” mwenyekiti alisema. “Hapa hakuna mtu amewahi kumiliki mtu. Wengine wetu hata nyumba tunamilikiwa na benki. Tuheshimiane kiasi.”

Hakuna aliyecheka. Nikaona ni zamu yangu. Nikasimama, nikawaeleza habari ya merikani, nikidhani kwamba wakiona jinsi uzi mmoja ulivyotufunga sote, na Mwamerika pamoja nasi, hasira itapata njia ya kutokea. Nilizungumza vizuri. Nilipomaliza, yule mama wa Kikongo aliuliza, “Kwa hiyo mwalimu anasema ni kweli? Tulinunuliwa na kitambaa?” Na mmoja wa Watanzania akasema, “Kumbe hata mtani hakudanganya, ni historia!” Ndipo viti vikaanza kusogezwa.

Basi nikatoa suluhu. Kwanza, neno “mtumwa” lisitamkwe tena katika kikao chochote cha chama. Pili, chama kama chama kitoe kauli, ambayo nilikuwa nimekwisha kuiandaa kichwani: chama kinasikitishwa na maneno yaliyotamkwa siku ya msiba na kinampa pole yeyote aliyeumia. Watu walikuwa wamechoka, wakapitisha yote mawili kwa kunyoosha mikono. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika, na kwa kweli sikukumbuka nilikowahi kuisoma kanuni kama ile mpaka nilipokuwa napiga mswaki.

Neno likiwa limepigwa marufuku vikaoni, lilihamia kwenye simu. Kundi la chama likawa makundi mawili, halafu Watanzania wakagawanyika wenyewe kati ya wenye msimamo na wanaoitwa walaini. Mimi niliwekwa na walaini bila kuulizwa. Ibada ya Jumapili alasiri, ile ya Kiswahili ambayo Wakongo na Watanzania Wakristo walikuwa wakisali pamoja kwa miaka, ilisimama wiki mbili, ikarudi ikiwa mbili. Wakongo walibaki na vinanda. Watanzania walibaki na ukumbi.

Niliposikia hayo nilikwenda jikoni kumwambia mke wangu. “Makanisa yametangulia,” nilimwambia. “Unajua Amerika nayo ilikuwa hivihivi? Wamethodisti na Wabaptisti walipasuka kaskazini na kusini miaka mingi kabla ya risasi ya kwanza. Makanisa ndiyo hutangulia!”

Mke wangu alikuwa akichambua mchicha. Aliacha kuchambua, akaniangalia.

“Umefurahi,” alisema.

“Nimefurahi nini?”

“Jiangalie. Yule mama bado anakula kwa taabu, na wewe umefurahi kwamba kitabu chako kimetimia.”

Nilimjibu kwa ukali. Sikumbuki nilichosema, na hiyo huwa ni dalili kwamba mwenzangu alisema kweli.

Jumamosi nikapanda treni kwenda Penrith kumwona mhandisi. Nilimkuta uani akikata majani kwa mashine, kwenye jua, kofia kubwa kichwani, mtu anayeonekana kutokuwa na ugomvi na kiumbe chochote isipokuwa magugu. Alizima mashine, akaniletea kiti. Nilimweleza kwamba kinachotakiwa ni jambo dogo. Aende Campbelltown kwa yule mama, aseme samahani, wamalize.

“Mtani haombi radhi,” alisema. “Siku mtani akiomba radhi, utani umekufa. Halafu kilichobaki ni nini? Kilichobaki ni kwamba nilimtukana maiti.”

“Lakini wao hawana utani na wewe.”

“Nimekwisha kuambiwa. Wewe unadhani nililala pale chini kwa kuwa napenda kulala chini?” Alivua kofia. “Mama yangu alipokufa nilikuwa hapahapa. Sikuweza kwenda. Watu wakaja, wakakaa kwenye ile sebule, wakaniambia pole, pole, pole, kama ninaumwa jino. Hakuna hata mmoja aliyenilalia mlangoni. Hakuna aliyesema mama yangu alikuwa mchoyo wa mboga, na alikuwa mchoyo kwelikweli. Ni yule marehemu tu aliyekuja na sufuria zake, akapika, akadeki, akamwogesha mke wangu aliyekuwa mgonjwa. Hatukuwa ndugu. Basi nikasema, siku yake ikifika, huyu hatazikwa na pole. Mimi sikutukana, kaka. Mimi nililia. Sisi ndivyo tunavyolia.”

Alivaa tena kofia yake. Kisha alisema mwenyewe kwamba atakwenda. Hatasema samahani mbele ya watu. Ila atamwendea mama, atachuchumaa mbele yake kama mtoto, na mama amwambie chochote anachotaka. Akimtemea mate, amtemee.

Kwa wakati huo ilitosha. Nina hakika ilitosha, kwa sababu nilimpigia rafiki yangu nikiwa kwenye treni ya kurudi, naye akasema, “Akuje. Mama atamuona.”

Lakini ilikuwa imebaki wiki nzima, na wiki ni ndefu kwa watu wenye simu. Wenye msimamo wa upande wetu wakapata habari, wakamwendea mhandisi Penrith, wakamwambia: ukichuchumaa wewe, umetuchuchumaza sisi wote, wataona tumekiri. Upande wa pili, mchungaji kijana akasema hili si la mtu mmoja, ni la damu. Basi mhandisi asimame mbele na kipaza sauti, aungame dhambi za mababu wa Tanzania kwa mababu wa Kongo, na irekodiwe. Rafiki yangu hakulipenda hilo. Aliniambia hivyo. Lakini alikuwa amekwisha kupigiwa simu na Wakongo wa Brisbane na Melbourne wakimpongeza kwa kutetea heshima yao, na mtu akishapongezwa na mji asioujua, hawezi tena kurudi nyuma peke yake.

Hapo ndipo nilipoelewa tasnifu yangu, miaka ishirini na kitu baada ya kuifunga jalada. Nilikuwa nimeandika sura nzima nikitafuta ni wakati gani hasa vita vilikuwa haviepukiki. Nikataja sheria, nikataja hukumu ya mahakama iliyosema mtu mweusi hana haki ambayo mzungu analazimika kuiheshimu, nikataja uchaguzi, na majimbo yaliyojitoa hata kabla rais mpya hajaapishwa. Sikuandika kwamba inafika siku ambayo hakuna mtu tena mwenye jambo lake. Kila mtoro mmoja aliyekamatwa mjini akawa ni kaskazini yote. Kila fimbo ikawa ni kusini yote. Mtu angetaka kusema “mimi binafsi nimekosa” asingepata mahali pa kusimama asemee.

Matanga yaliondolewa Jumamosi alasiri kwenye ukumbi mmoja Campbelltown. Nilikuwa Mtanzania pekee ndani. Waliniweka meza ya mwisho, karibu na choo, wakanipa soda. Mama alikaa mbele, kwenye kiti chenye mito, fremu yake ya kutembelea ikiwa pembeni. Ndipo kijana mmoja akaja kuninong'oneza kwamba mtu wangu yuko nje.

Mhandisi alikuwa ameegesha gari upande wa pili wa uwanja wa magari, akitazamana na mlango wa kioo wa ukumbi. Injini ilikuwa inanguruma. Aliteremsha kioo.

“Siingii,” alisema. “Kuna kamera mle. Nimeiona nikiwa hapa hapa.”

“Ingia tu, nitamwambia aizime.”

“Mwambie mama atoke nje. Au kaka mtu atoke. Nitachuchumaa hapa hapa kwenye lami, Mungu ananiona.”

Nikarudi. Rafiki yangu alikuwa amesimama ndani ya mlango, na nyuma yake wanaume kadhaa.

“Hawezi kuingia,” nikamwambia. “Anaomba utoke.”

“Yeye njo alikosa. Mimi nitoke?”

“Ni hatua chache.”

“Basi achukue yeye hiyo hatua chache.”

Nilivuka lami hiyo mara kadhaa, nikiwa mtu mwenye shahada ya uzamili, nikibeba sentensi moja moja kama mhudumu wa hoteli. Mara ya mwisho niliporudi ndani, mama alikuwa amesimama. Kuna aliyemwambia. Alikuwa ameshika fremu yake na anakuja, polepole sana, kati ya meza, uso wake ukielekea mlangoni. Alivaa kitenge cha bluu.

“Mama, hapana,” mchungaji alisema, akamshika mkono mmoja. “Usiende. Yeye njo anapashwa kukuja kwako.”

“Mama, utatuhaibisha,” akasema mwanamke mwingine, akamshika mkono wa pili.

“Niacheni,” alisema. “Nataka kumuona.”

Hawakumwacha. Walimshika kwa mapenzi, kama mnavyomshika mzee asianguke, wakamgeuza, wakamrudisha kwenye mito yake. Alikuwa mwepesi, haikuwa kazi. Rafiki yangu alikuwa akitazama mama yake akirudishwa. Aligeuka akatazama nje. Mimi pia nikatazama. Gari lilikuwa linarudi nyuma kutoka mahali pake.

Kwenye lami lilikokuwa gari kulibaki sanduku la barafu, la plastiki, lenye mfuniko mweupe. Nililifungua. Ndani mlikuwa na nyama ya mbuzi, iliyokatwa vizuri na kufungwa kwa mifuko, na juu yake bahasha ndogo ya chumvi, kama mtani anavyotakiwa kuja akitaka kumaliza maneno. Nililibeba hadi mlangoni.

“Isiingie,” rafiki yangu alisema. Hakupandisha sauti. “Mwalimu, na wewe uende tu. Sasa hivi uende.”

Nyuma yake mchungaji alikuwa amekwisha kushika kipaza sauti. Nilimsikia akitangaza kwamba matanga yameondolewa, na kwamba kuanzia leo kila jamii itazika watu wake. Watu wakaitika amina. Mama hakuitika, alikuwa akiuliza kitu kwa mwanamke aliyeketi naye, na mwanamke alikuwa akitikisa kichwa.

Kutoka Campbelltown hadi Doonside ni safari ndefu hata kwa mtu asiyebeba kitu, na lazima ubadilishe treni. Niliweka sanduku katikati ya miguu yangu. Mtoto wa Kizungu kwenye kiti cha mbele alilitazama njia nzima. Tulipokuwa tumekwisha kupita stesheni kadhaa, mhandisi alipiga simu.

“Nilimwona,” alisema. “Alikuwa anakuja.”

“Ndiyo. Alikuwa anakuja.”

“Alikuwa anakuja kunisamehe, au kunitandika na ile fremu?”

“Sijui. Hakusema.”

Nilisikia kiashirio cha gari lake kikipiga, tik, tik, mahali fulani barabarani.

“Ile nyama,” alisema. “Waliipokea?”

Sanduku lilikuwa limeanza kuvuja, maji mekundu kidogo yakienda chini ya kiti cha yule mtoto, nami nikayazuia kwa kiatu.

“Waliipokea,” nikamwambia.